Daktari wa Karema na chuo kilichokuwa Malta

Kamala Harris alipogombea urais wa Marekani mwaka 2024, sisi tunaotafsiri habari za nje tulipata kazi ndogo ya ziada: kumweleza msomaji wa Kiswahili Howard ni nini. Mama yule alihitimu pale mwaka 1986, na Wamarekani weusi walikuwa wakilitaja jina la chuo hicho kama mtu anavyoutaja ukoo wake. Wengi wetu tuliandika "chuo cha watu weusi", tukaweka nukta, tukaendelea.

Lakini maneno hayo manne yana historia ndefu. Kule kuna vyuo kama hivyo takriban mia moja. Vingi vilizaliwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, wakati mamilioni ya watu waliotoka utumwani walikuwa huru kisheria na hawana pa kusoma, maana vyuo vya Wazungu vilikuwa vimefunga mlango. Na orodha za wahitimu wao si mchezo. Martin Luther King alitoka Morehouse. Toni Morrison alitoka Howard. Chuo kimoja tu, Lincoln cha Pennsylvania, kilimtoa mshairi Langston Hughes, kikamtoa Kwame Nkrumah, kikamtoa Nnamdi Azikiwe, kikamtoa na Thurgood Marshall, wakili ambaye mwaka 1960 alikwenda Lancaster House, London, kuwasaidia wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba yao. Langston Hughes naye alifika Makerere Juni 1962 kwenye ule mkutano wa waandishi ambao wapenzi wa fasihi hatuchoki kuutaja.

Orodha hizi hunitia wivu. Mimi ni mtoto wa Mpui, Ufipa, barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, na kwetu ukitaja historia ya elimu watu hukutajia seminari, halafu wanakutajia Tabora, halafu basi. Ndiyo maana siku nilipokutana na jina la Adrian Atiman nilikaa nalo muda mrefu. Kumbe kulikuwa na chuo kingine cha vijana weusi waliotoka utumwani. Hakikuwa Marekani. Kilikuwa kisiwani Malta, katikati ya bahari ya Mediterania, na mhitimu wake anayejulikana kuliko wote aliishi miaka 67 Karema, kule chini ziwani, mahali ambapo kwa miongo mingi ndipo palipokuwa makao ya kanisa lililotufundisha sisi wa juu kusoma.

Kuna tarehe mbili zinazogongana hapa, na mimi huwa siamini sana mambo ya tarehe kugongana, ila hizi zinasaidia kufikiri. Mwaka 1868 Jenerali Samuel Armstrong alifungua shule ya Hampton, Virginia, kwa ajili ya watu weusi walioachiwa huru. Mwaka huohuo wa 1868 Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao kwa sababu ya kanzu zao huku kwetu wanaitwa Mapadre Weupe. Mwaka 1881 mhitimu wa Hampton, Booker T. Washington, alifungua Tuskegee, Alabama. Mwaka huohuo wa 1881 Lavigerie akafungua chuo chake Malta. Watu wawili wasiojuana, pande mbili za dunia, walikuwa wanajiuliza swali lilelile: huyu mtu mweusi aliyetoka utumwani, tumfundishe nini?

Jibu la Hampton linajulikana. Armstrong alikuwa mtoto wa wamisionari wa Hawaii, na aliamini kwamba mkono hufundishwa kwanza. Kilimo, useremala, ufuaji, ushonaji, na ualimu wa shule za chini. Washington, ambaye alizaliwa mtumwa, alifika pale mwaka 1872 akiwa na vumbi la safari, na mtihani wake wa kuingia ulikuwa kufagia chumba. Alikifagia mara tatu, akafuta vumbi mara nne, akapokelewa. Aliisimulia hadithi hiyo maisha yake yote kwa fahari, na mimi kila nikiisoma napata hisia mbili zinazopigana. Namheshimu kijana yule. Halafu najiuliza, ni mtoto gani wa Kizungu wa enzi zile aliyepimwa akili kwa ufagio?

W. E. B. Du Bois, ambaye naye alitoka chuo cha weusi, Fisk, aliuliza swali hilo waziwazi mwaka 1903. Hakudharau kazi ya mikono. Alichosema ni kwamba ukiwanyima watu elimu ya juu umewanyima viongozi, na ukiwanyima viongozi umeamua mapema watakaa wapi. Ugomvi wa wawili hao ndio ugomvi mkubwa kuliko yote katika historia ya vyuo vile, na ulikuja kutufikia hadi huku.

Lavigerie alikuwa na akili ya namna nyingine. Tusimfanye malaika: alikuwa mtu wa dola ya Ufaransa, mwenye haraka na mipango mikubwa kuliko mfuko wake. Mapadre wake walikuwa wakiwakomboa watoto kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, kule Sahara na baadaye huku kwenye Maziwa Makuu, na kukomboa maana yake ni kutoa fedha. Mtoto alinunuliwa ili awe huru, na baada ya hapo uhuru wake ulipangwa na waliomnunua: ataishi wapi, ataamini nini, atasoma nini. Jambo hili halina haja ya kupakwa sukari. Hata wale ambao kweli waliokolewa kutoka kwenye mauti hawakuulizwa.

Ila alichoamua wasome ndicho kinachonishangaza. Aliwatuma baadhi yao Malta wakasome utabibu. Malta ina shule ya udaktari ya zamani sana, mafunzo ya anatomia yalianza pale mwaka 1676, na vijana wa Lavigerie waliishi chuoni kwao huku wakihudhuria masomo chuo kikuu. Hesabu yake ilikuwa hivi. Mzungu anakufa haraka katika Afrika ya kati, na hata asipokufa anabaki mgeni. Mwafrika ndiye atakayeibadili Afrika. Lakini Mwafrika huyo asifundishwe kuishi kama Mfaransa, maana akirudi atakuwa mgeni vilevile, tena mgeni mwenye gharama. Ale chakula cha watu, aoe, alee watoto, avae kama watu. Ualimu wa dini peke yake hautampa riziki wala heshima. Uganga utampa vyote viwili, kwa sababu hakuna kijiji kisichomhitaji mganga. Cheo chao kikawa daktari-katekista.

Ukiangalia vizuri utaona Lavigerie na Armstrong walikuwa na hofu moja. Wote waliogopa mweusi aliyesoma "kupita kiasi", anayevaa tai na kudai kiti mezani. Wote walitaka mhitimu arudi chini kwa watu wake. Tofauti ni kwamba Armstrong alichagua somo linaloweza kufundishwa kwa kiwango anachotaka yeye. Useremala unaweza kumfundisha mtu nusu, ukasema inatosha, na meza bado itasimama. Utabibu haukubali hivyo. Huwezi kumfundisha kijana nusu ya moyo na nusu ya ini kwa sababu ni mweusi. Lavigerie alitaka katekista mwenye dawa mkononi, na ili ampate ilibidi afungue mlango wa chumba ambacho wakoloni wengi wa wakati wake wasingekubali Mwafrika aingie.

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 upande wa mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Aliibwa akiwa mtoto. Aliuzwa, akavushwa jangwani kuelekea kaskazini, na huko katika Sahara ya Algeria mapadre wakamkomboa. Akabatizwa, akapelekwa Malta. Mwaka 1888, mwaka ambao Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, Atiman aliondoka na msafara wa wamisionari hadi Unguja, na kutoka pwani wakatembea bara. Alifika Karema mwaka 1889. Naomba uitafakari hiyo safari kidogo. Mtoto aliyevuka Sahara kwa miguu ya utumwa alivuka tena nchi nzima ya Tanganyika kwa miguu, safari hii akiwa na sanduku la dawa, kwa njia ambazo zilikuwa bado zinapitisha misafara ya watumwa. Nchi aliyokuwa anakwenda hakuwa na ndugu hata mmoja. Kwao Niger hakurudi kuishi tena.

Karema yenyewe ilikuwa boma. Wabelgiji wa mfalme Leopold walilianzisha mwaka 1879, wakalikabidhi kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Walikuta ziwa lenye vita, njaa, ndui na watu waliokimbia makwao. Misheni ikawa kijiji cha waliokombolewa na waliokimbilia usalama, na mapadre wakawa karibu kama watemi: wanaamua kesi, wanagawa mashamba, wana walinzi wenye bunduki. Katika mahali kama hapo ndipo Atiman alifungua kazi yake. Alimwoa binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, na kwa ndoa hiyo mtu aliyekuwa hana kabila huku akapata shemeji, wakwe na watani. Mpango wa Lavigerie ulisema daktari aoe akae. Huyu alioa akakaa kweli. Mwanawe Joseph akawa padri.

Akatibu. Ndui, malaria, vidonda, majeraha ya vita na ya simba, uzazi uliokwama. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaja ugonjwa wa malale mwambao wa Tanganyika, ukafuta vijiji. Alifika kabla bendera ya Wajerumani haijakaa sawasawa ziwani. Akawaona wakijenga kituo chao Kasanga, wakakiita Bismarckburg. Akawaona wakiondoka kwenye Vita ya Kwanza. Akawaona Waingereza wakiingia. Hadi shule ya udaktari ya Mulago, Kampala, inaanza kufundisha Waafrika mwaka 1924, Atiman alikuwa ameshatibu miaka 35. Hadi Dar es Salaam inapata shule yake ya udaktari mwaka 1963, alikuwa ameshalala miaka saba. Alifariki mwaka 1956, TANU ikiwa na umri wa miaka miwili.

Hapa naomba niseme jambo kama mwandishi wa habari. Mara ngapi nimeombwa habari kutoka Sumbawanga, na mara ngapi habari hiyo ikawa radi na uchawi? Hata jina la mji wetu watu hulitafsiri kwa furaha, sumba wanga, tupa uchawi, halafu wanasahau neno la kwanza. Mhariri mmoja aliwahi kuniambia kwa upole kabisa kwamba "Rukwa bila uchawi haiuzi". Basi sawa. Huyu hapa Mwafrika aliyesomea utabibu Ulaya miaka ya 1880, akaishi ukingoni mwa Ufipa kwa miaka 67, akatibu vizazi vitatu. Hiyo nayo haiuzi?

Chuo chake hakikudumu. Lavigerie alifariki Novemba 1892, na mwaka 1896 mlango wa Malta ukafungwa. Kiliishi miaka 15. Wahitimu wake walikuwa wachache, wakatawanywa kwenye misheni za Tanganyika, Nyanza na Kongo, na ukiwahesabu kwa kichwa na kugawa kwa fedha iliyotumika, hesabu haipendezi. Walionunuliwa utotoni, wakavushwa bahari, wakafundishwa somo gumu kwa lugha ngeni, halafu wakapelekwa nchi ambayo si yao, kwa nini wasishindwe? Cha ajabu ni kwamba aliyeweza aliweza kiasi kile. Lakini mradi ulihukumiwa na wale wenye daftari, na baada ya hapo hakuna misheni wala serikali iliyorudia kwa muda mrefu wazo la kuwapa Waafrika wa sehemu hii utabibu kamili. Lililokuja badala yake lilikuwa wazo la Virginia.

Lilikuja rasmi mwaka 1924. Mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ulituma tume kukagua elimu Afrika Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, mtu aliyezaliwa Wales na kufundisha Hampton kwa miaka kadhaa. Tayari Du Bois alikuwa amemshambulia mwaka 1918 kwa ripoti yake kuhusu elimu ya weusi wa Marekani, akisema inawafungia watu chini. Sasa Jones alikuja kutazama shule zetu kwa miwani ileile. Ripoti ilitoka mwaka 1925: elimu ya Mwafrika ilingane na maisha ya kijijini kwake, yaani afya, kilimo, nyumba, burudani njema. Waingereza waliipenda. Mwaka huohuo London ikatoa sera ya elimu kwa makoloni ya Afrika yenye harufu ileile, na Kabete, Kenya, ikafunguliwa shule ya Jeanes, iliyopewa jina kutokana na mpango wa walimu weusi wa vijijini Marekani Kusini.

Kuna maneno mengi mazuri katika wazo hilo. Nani atapinga afya na kilimo? Tatizo ni nani anamfundisha nani. Chukua Ufipa. Mfipa alikuwa na intumba kabla hajaona ripoti ya mtu yeyote. Mvua zikielekea ukingoni anageuza udongo na majani yake, anayafukia ndani ya tuta la duara, majani yanaoza humo, anapanda maharage juu. Msimu unaofuata analitawanya tuta na kupanda ulezi kwenye udongo ulioshiba. Wataalamu wa kilimo wamekuja baadaye kuandika kuhusu intumba kwa heshima kubwa. Na jembe lenyewe la kufanyia kazi hiyo lilitoka palepale. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru refu za udongo kuliko mtu, hadi majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipoiua kazi ile. Kwa hiyo unawaletea watu waliokuwa wakifua majembe wenyewe falsafa kutoka Virginia inayosema elimu inayowafaa ni jembe. Bibi yangu angecheka, halafu angekuuliza kama umekula.

Lakini historia haikai ilipopangwa, na hapa ndipo vyuo vya weusi vinapoonyesha sura yao nyingine. Katika tume ile ya mwaka 1924 mweusi alikuwa mmoja tu, James Aggrey wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Alisoma Livingstone College, North Carolina, chuo cha kanisa la weusi, akahitimu mwaka 1902 na kufundisha palepale hadi mwaka 1920. Aggrey hakuwa mwanamapinduzi. Alikuwa mtu wa maelewano, na mfano wake wa piano, kwamba wimbo mzuri unataka vitufe vyeupe na vyeusi, umewaudhi wengi tangu siku ile. Lakini wewe fikiria mwaka 1924, Dar es Salaam, chini ya Waingereza, Mwafrika amesimama katika suti, anazungumza Kiingereza kuliko bwana shauri, na amekuja kama mkaguzi. Ujumbe ulikuwa ni yeye mwenyewe. Kleist Sykes alikutana naye Dar es Salaam mwaka huo, na familia yake imeeleza kuwa mazungumzo hayo ndiyo yaliyompa wazo la umoja wa Waafrika. Mwaka 1929 African Association ikaanzishwa, Cecil Matola rais, Kleist katibu. Kutoka hapo ikaja TAA, na kutoka TAA ikaja TANU. Ripoti ya tume ilipendekeza jembe. Mjumbe mmoja wa tume, bila kuandika mstari wowote wa ubishi, akaacha mbegu ya chama.

Kenya ilikuwa vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Alliance High School ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926 kwa mfano wa Hampton na Tuskegee, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma pale miaka ya 1950, aliandika wazi katika kumbukumbu zake kwamba lengo halikuwa kutoa wakaidi. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Mbiyu, mtoto wa chifu Koinange. Mwaka 1927 akapanda meli kwenda kusoma Hampton kwenyewe. Kama kuna mtu aliyepaswa kurudi akiwa mhunzi mnyenyekevu, ni yeye. Akapita Hampton, akaenda Ohio Wesleyan, akaenda Columbia na kupata shahada ya uzamili, akapita na Uingereza, akarudi nyumbani mwaka 1938. Mwaka 1939 akafungua chuo cha ualimu Githunguri, kwa michango ya wananchi, bila kuongozwa na misheni. Jomo Kenyatta alikuja kukiongoza baadaye. Serikali ilikifunga mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, na mahali pale pakawa pa kunyongea watu. Sijui chuo kingine ambacho mkoloni alikiogopa kiasi cha kukigeuza kitanzi.

Kwa hiyo ukiniuliza historia ya vyuo vya weusi inasema nini kwetu, sitakwambia Hampton ilikuwa mbaya na Malta nzuri. Vyote viwili viliundwa na Wazungu waliokuwa na picha ya mweusi kichwani, na vyote viwili vilipitwa na wanafunzi wao. Washington alijenga Tuskegee kwa walimu weusi watupu, jambo ambalo Hampton yenyewe haikulifanya. Koinange alifika mbali kuliko ufagio. Na Atiman alitumwa dawa iwe chambo cha dini, lakini miaka 67 ni mingi kwa chambo. Kwa muda wote huo mgonjwa alikuja akiwa mgonjwa, akatibiwa, akaenda zake shambani.

Hata hivyo, kati ya mawazo yale mawili, moja lilikaa kwetu kuliko jingine, na hili linanigusa. Mwalimu Nyerere, ambaye yeye mwenyewe alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, yaani njia ndefu ya vitabu, aliandika Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Sababu zake hazikuwa za Jones hata kidogo. Jones alitaka Mwafrika akae palepale alipo. Nyerere alitaka msomi asimpande mkulima mgongoni. Lakini sera ikishuka hadi kijijini, falsafa inabaki njiani na jembe linafika. Kizazi changu kilikwenda shule na jembe, ndoo na fagio la chelewa, na katika shule niliyosoma wiki za palizi mahindi ya shule yalituona kuliko ubao. Tulipoukosea mtihani wa hesabu adhabu ilikuwa kulima. Mtoto wa mkulima unamwadhibu kwa kilimo, halafu ukubwani unamshangaa anakimbilia mjini kuendesha bodaboda! Hapo Armstrong na Nyerere wote wawili wangetushika mashati.

Na darasani kwetu walikuwepo waliokuwa na vichwa vya udaktari. Nawajua kwa majina. Wawili wanalima alizeti, mmoja anauza vocha stendi ya Laela, na sidharau kazi hizo. Nasema tu kwamba hakuna aliyewahi kutuambia kuwa miaka zaidi ya mia iliyopita kulikuwa na mtoto aliyeibwa, asiye na baba wala mama wa kumlipia ada, akasomea moyo na ini Malta, kisha akaja kuishi upande wetu. Ingekuwa Marekani, wangekuwa na bweni lenye jina lake.

Siku hizi Karema inatajwa tena. Serikali imejenga bandari mpya pale ili mizigo ya Kongo ivuke ziwa, na madereva wa malori wanalijua jina hilo kwa sababu ya saruji na foleni. Kutoka Mpui unapanda Sumbawanga, unapita Namanyere hadi Mpanda, kisha unashuka magharibi mpaka maji yaonekane.

Mwaka 1946, akiwa na umri wa karibu miaka 80, Atiman alisimulia maisha yake, na simulizi hiyo ikachapishwa kwa Kiingereza kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records. Inaanzia mto Niger, kwa mtoto ambaye bado hajaibwa.